Mbwa wa Luhende na Mlango Uliofungwa

Mbwa asiyeagwa hulinda nyumba tupu.

Mmeisikia methali hii asubuhi ya leo, shangazi yenu alipomkatalia kijana wake kuondoka kwenda machimboni wakati mtoto wake bado amelala. Kijana alisema mtoto akimwona anaondoka atalia. Shangazi yenu alimjibu kwa maneno hayo tu, kisha akaendelea kupepeta mchele wake. Nanyi mmekuja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi, na mbwa ameingiaje katika habari za mtoto. Sogeeni basi. Methali hii ina mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ni huu.

Palikuwa na kijiji kikiitwa Ntumbila, ukingoni mwa miombo, pale ambapo mashamba hukoma na msitu huanza. Watu wake walilima mtama na karanga kama majirani zao, lakini sifa yao kubwa ilikuwa asali. Kila mwaka, mvua zikishakatika na maua ya miombo yakishapukutika, wanaume warina asali walikwenda kukaa msituni, wakizungukia mizinga yao mti kwa mti, wasirudi mpaka mwezi uandame tena, na pengine zaidi.

Warina hao walikuwa na desturi yao ya kuondoka. Walisema nyuki ana masikio marefu kuliko sungura. Akisikia kwamba mrina ameaga nyumbani kwake, hujua anakuja, akamngoja juu ya mti akiwa amejiandaa. Na mtu akivamiwa na nyuki akiwa juu ya mti, hana pa kukimbilia ila chini. Kwa hiyo mrina wa Ntumbila hakuaga mtu. Siku moja kabla ya safari alioga maji ya kivumbasi, akajifukiza moshi yeye na nguo zake mpaka asinuke tena kama binadamu. Kulipopambazuka alifunga mlango wa mbele kwa ndani, akaweka komeo kama mtu aliyejilalia, kisha akatokea kidirisha cha nyuma na kukiziba kwa mganda wa nyasi. Nyuki wakipita wauone mlango umefungwa kwa ndani, waseme: huyu bado yuko kitandani.

Aliyekuwa na haki ya kuufungua mlango ule ni mtu aliyelala humo ndani tu: mke, au mtoto, au mama mzazi. Nyumba isiyokuwa na mtu wa kulala ilibaki imefungwa mpaka mwenyewe arudi; ikifunguliwa na mtu mwingine, walisema, mrina ataanguka mtini. Nyumba za namna hiyo zilikuwa nadra, kwa sababu mrina asiye na mke alikuwa nadra pia.

Mwaka huo ilikuwapo moja, ya Luhende.

Luhende alikuwa mrina hodari na mtu wa maneno machache. Mkewe, Mwashi, alikuwa amefariki wakati wa masika, nao hawakujaliwa mtoto. Aliyebaki naye nyumbani ni mbwa, wa rangi ya vumbi, sikio moja limechanika. Jina lake Ndago. Marehemu Mwashi ndiye aliyempa jina hilo alipokuwa kijibwa, kwa sababu alifukuzwa jikoni asubuhi akarudi mchana, akafukuzwa mchana akarudi jioni, kama yale magugu ya ndago ambayo ukiyang'oa leo, kesho yapo palepale. Baada ya msiba mbwa huyu alikuwa akilala miguuni pa Luhende. Majirani walisema kwamba Luhende, aliyekuwa ameacha kula, alianza tena kuwasha moto kwa sababu tu kulikuwa na mbwa wa kulishwa.

Luhende alikuwa na dada yake mkubwa, Kalunde, ambaye watu walimwita Mama Shija kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Boma lake lilipakana na la kaka yake. Kalunde hakuwa mtu wa kukata neno kabla hajalitazama jambo pande zote. Hata chungu kipya alikigonga kwanza, akakisikiliza, akakijaza maji na kukiacha mpaka kesho yake, ndipo aseme ni kizuri au kibaya. Habari hii ilimwangukia yeye.

Siku moja kabla ya warina kuondoka, Luhende alipita kwa dada yake, akasimama nje ya jiko akiwa ananuka moshi na kivumbasi.

"Dada, siku hizi utamwona Ndago anazurura," alisema. "Ukimwona mtupie chochote."

"Nitamtupia," alijibu Kalunde.

Hayo ndiyo yaliyowezekana kusemwa bila kuaga. Asubuhi yake Luhende alimrushia mbwa mfupa mkubwa kwenye rundo la kuni, mbali na nyumba. Ndago alipokuwa ameushikilia kwa miguu yote miwili ya mbele, mwenyewe aliingia ndani, akafunga, akatokea nyuma na kuwafuata wenzake. Ndago alipomaliza mfupa alirudi mlangoni. Aliukuta umefungwa. Akajilaza chini yake, pua kwenye upenyo, amngoje mtu wake aamke.

Siku ya kwanza Kalunde alimpelekea ukoko wa ugali uliorowekwa kwenye mchuzi. Mbwa alitikisa mkia, akaunusa, kisha akautazama mlango na kujilaza tena, kama mtu anayesema: asante, lakini tusubiri mwenyewe aamke kwanza. Kalunde alicheka kidogo, akaacha bakuli. Kesho yake alikuta kuku wanadonoa ule ukoko, na maji kwenye kigae yako vilevile.

Siku zilizofuata hakucheka. Mbavu za Ndago zilianza kuonekana. Macho yake yaliingia ndani. Alikuwa hali, hanywi, hatoki kwenye kizingiti ila kwenda haja na kurudi mbio. Mtoto wa jirani alipomfuata kuku wake karibu na mlango ule, Ndago alisimama, manyoya ya mgongo yakamsimama, akamwonyesha meno. Kalunde mwenyewe, aliyemlisha tangu alipokuwa hajafumbua macho, alipojaribu kusogea alingurumiwa.

Kisimani maneno yalianza.

"Ni Mwashi huyo," alisema mwanamke mmoja. "Amekuja kumchukua mbwa wake."

"Mwashi gani? Mwashi hakuwa mchoyo akiwa hai, awe mchoyo kaburini?" alijibu mwingine. "Mbwa ana minyoo tu."

Jioni yake alikuja Nsabi, jirani wa upande wa pili, baba wa yule mtoto. Nsabi hakuwa mtu mbaya. Alikuja bila upinde wake, akaketi, akakubali kibuyu cha togwa, akanywa, ndipo aseme.

"Mama Shija, mbwa hanywi maji. Anauma hewa. Wewe unajua hizo ni dalili za nini."

"Bado hajamuuma mtu."

"Nami sitaki tungoje wa kwanza awe mwanangu. Yule si mbwa wangu, ni wa Luhende, na Luhende namheshimu. Lakini kesho jua likianza kushuka, kama bado yuko vile, nitakuja na upinde. Nitafanya kwa mshale mmoja. Hatateseka."

Kalunde hakuwa na la kumlaumu. Angekuwa yeye mwenye mtoto mdogo wa kukimbiza kuku, angesema hayohayo. Alibaki amekaa, akawaza jinsi kaka yake atakavyorudi na mzigo wa asali begani, na yeye atakavyotoka nje kumpokea, na neno la kwanza atakalolazimika kumwambia. Mtu aliyemzika mke wake wakati wa masika, amzike na mbwa wakati wa kiangazi.

Asubuhi alimwambia mumewe. Huyu aliitwa Masele, mtu wa mizaha, ambaye msituni haendi kwa sababu, kama alivyopenda kusema mwenyewe, hakuna tawi lililoumbwa kwa ajili ya tumbo lake.

"Mbwa anamtaka Luhende," alisema Masele. "Basi tumpe Luhende."

"Tutampata wapi, Baba Shija?"

"Mimi hapa."

Masele alijua kuiga mluzi wa shemeji yake, ule wa kupanda na kukatika, ambao Luhende aliutumia kumwita Ndago shambani. Alikwenda akajibanza nyuma ya ghala, upande wa njia ya msituni, akapiga mluzi. Mpango wake ulikuwa mbwa aukimbilie, atoke pale mlangoni, wamtie kamba na kumleta nyumbani.

Kalunde alisimama kando akitazama. Aliona Ndago anainua kichwa. Aliona masikio yote mawili, lile zima na lile lililochanika, yanasimama. Mbwa aliruka akasimama kwa miguu minne. Lakini hakukimbilia ghalani, wala hakuitazama njia. Aligeukia mlango. Akaukwaruza kwa kucha, akalia kwa sauti nyembamba, akaingiza pua kwenye upenyo, mkia unampiga mbavuni huku na huku.

Masele akapiga tena. Mbwa akakwaruza tena, palepale.

"Huyu mbwa hana adabu," alisema Masele akitokeza kichwa. "Nimeimba vizuri hivi, anacheza na ubao."

"Nyamaza kwanza, Baba Shija."

"Nini?"

"Nyamaza nifikiri."

Kalunde alirudi nyumbani, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akalipanga jambo lile polepole. Ngurumo zile alizitafsiri upya: hazikuwa za mbwa mwenye kichaa, zilikuwa za mbwa anayelinda usingizi wa mtu. Kisha alimfikiria mbwa wa nyumba ya tatu, ambaye bwana wake naye alikuwa msituni. Mbwa huyo hakuwa mgonjwa. Kwa nini? Kalunde aliinuka, akaenda kumuuliza mke wa nyumba ile.

"Wa kwetu alilia siku ya kwanza," mwanamke yule alimwambia. "Nilipofungua mlango asubuhi aliingia ndani mbio, akanusa kitanda, akanusa viatu, akachungulia mpaka ndani ya pipa la mtama. Halafu akatoka nje akabweka kilio kimoja kirefu, ukadhani fisi. Jioni alikuwa hana raha. Kesho yake akaiba nyama yangu."

"Akala?"

"Kwani mbwa huiba nyama akaiweka?"

Kalunde alishukuru, akaondoka. Sasa jambo lilikuwa limemkalia wazi, na uwazi wake ndio uliomtia hofu. Ndago hakuwa mbwa aliyeachwa. Kwa kujua kwake yeye, hakuna aliyeondoka. Bwana wake alikuwa ndani, amelala, amefunga kwa komeo, hatoki, haiti, haumwi wala haponi. Mbwa angengoja hivyo mpaka mwisho. Na dawa yake ilikuwa moja, nayo ni mlango kufunguliwa; na aliyelala humo ndani, mwenye haki ya kuufungua, alikuwa hayupo. Akiufungua mtu mwingine, Luhende ataanguka.

Jua lilikuwa limeshapita katikati alipofika kwa Mzee Mayunga. Huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wa warina kabla goti lake halijaharibika, naye ndiye mwenye desturi zote. Alimkuta akisuka kamba ya magome, akamsalimu kwa kupiga goti, akamweleza tangu mfupa mpaka mluzi. Mzee alimsikiliza hadi mwisho mikono yake ikiendelea kusuka.

"Mwanangu," alisema, "mlango ule ukifunguliwa, nyuki watajua."

"Watajua nini, baba?"

"Kwamba Luhende hayuko nyumbani."

Kalunde aliinamisha macho. "Baba, yuko juu ya mti wao, amewawekea moshi mlangoni. Bado hawajajua?"

Mzee Mayunga aliacha kusuka. Kicheko kilimtoka puani kabla hajakizuia, akajifanya anakohoa.

"Una maneno kama marehemu mama yako," alisema.

"Nisamehe, baba. Nina swali moja, na ukiona halifai usinijibu. Siku ile ulipoanguka wewe, mlango wako ulikuwaje?"

Mzee alipapasa goti lake. 

"Ulikuwa umefungwa," alisema. "Niliufunga kwa mkono wangu."

 Jibu la namna hiyo haliongezewi neno.

"Lakini usinishike kwa hilo ukasema desturi ni uongo," Mzee Mayunga aliendelea. "Nimezeeka ndani yake. Labda bila hiyo tungeanguka wengi zaidi. Sijui."

"Sisemi ni uongo, baba. Nasema ilitungwa kwa ajili ya nyuki. Mbwa hakufikiriwa."

"Na Luhende akianguka?"

"Nitasema ni mimi."

"Na mbwa akifa?"

"Hapo pia nitasema ni mimi. Ndiyo maana nimekuja kwako. Pande zote mbili ni mimi."

Mzee alilitazama jua, akaitazama ile kamba mapajani mwake. "Siwezi kukuambia fungua," alisema hatimaye. "Mdomo wangu haujazoea neno hilo. Wala siwezi kukuambia kaa. Nitakuambia hivi: kaka yako atarudi, atasimama mbele yako. Fanya lile utakaloweza kumwambia usoni."

Kalunde alifikiri. "Nitaweza kumwambia nilifungua mlango wake," alisema. "Siwezi kumwambia nilikaa nikamtazama mbwa wake anakufa."

"Basi nipe hiyo fimbo yangu."

"Ya nini, baba?"

"Ya kutembelea. Kama ni kosa, tuwe wawili."

Walikwenda polepole kwa ajili ya goti la mzee. Masele aliwakuta njiani, akajitolea kuingia kwa kidirisha, akapimwa kwa macho, na bila mtu kusema kitu akajiondoa mwenyewe. Mzee Mayunga alikaa juu ya jiwe la kunolea, mbele ya nyumba, mahali ambapo mbwa angemwona asimwogope. Kalunde alizunguka nyuma. Aliutoa mganda wa nyasi, akaingiza kichwa, kisha mabega, akajisukuma, kanga yake ikanasa na kuchanika, akaangukia ndani kwa mikono.

Nyumba ilikuwa na giza na baridi ya majivu ya zamani. Kalunde alisimama. Na huko nje, mbwa alizisikia nyayo zake.

Kalunde alisema baadaye kwamba sehemu ile ilimwuma kuliko zote. Ndago aliposikia hatua ndani ya nyumba hakunguruma. Alilia kwa furaha. Alilia kama mtoto aliyeitwa jina lake, akauparamia mlango, akaukwaruza, akabweka mibweko mifupimifupi ya kumwambia mtu: umechelewa kuamka, umechelewa, njoo. Kalunde aliweka mkono juu ya komeo, mkono ukasita. Kufungua kulikuwa kumwonyesha kwamba aliyemngoja siye. Alimwomba radhi kaka yake kimoyomoyo, akamwomba na mbwa, akalivuta komeo.

Mwanga uliingia, na Ndago pamoja nao. Alimrukia Kalunde kifuani, akamnusa, akashuka. Mkia uliacha kutikisika. Alimpita.

Alikwenda kwanza kitandani, akapanda juu ya ngozi aliyokuwa akiilalia Luhende, akanusa mahali pa kichwa na mahali pa miguu. Akashuka, akachungulia chini ya kitanda. Akaenda kwenye mafiga, akanusa majivu. Akaingia nyuma ya ghala dogo la ndani, akatoka na utando wa buibui puani. Mwishoni alikwenda ukutani, kwenye kigingi ambapo Luhende hutundika kamba yake ya kupandia miti. Kigingi kilikuwa kitupu. Mbwa alisimama kwa miguu ya nyuma, akakinusa kile kigingi kwa muda mrefu, kuliko kitanda, kuliko majivu. Kamba ile aliijua. Kila ilipotoka, bwana wake alikwenda msituni, na kila ilipotoka, ilirudi.

Alishuka, akakaa katikati ya nyumba, akainua shingo na kutoa kilio kimoja kirefu. Huko nje Mzee Mayunga alivua kofia yake, akaiweka gotini. 

Kalunde hakumgusa. Alikaa chini, mgongo ukutani, akamngoja. Baada ya muda Ndago aliinuka, akatoka nje kwa hatua za mzee, akakwenda kwenye kigae cha maji.

Nsabi alipotokea kwenye kona ya boma na upinde wake, jua likianza kushuka, alimkuta mbwa amesimama anakunywa. Alikunywa mpaka kigae kikalia kwa kulambwa. Nsabi alisimama akitazama. Alitazama mlango uliokuwa wazi, akamtazama Mzee Mayunga juu ya jiwe, akautazama upinde mkononi mwake.

"Mbwa mwenye kichaa hanywi maji," alisema.

"Hanywi," alikubali Mzee Mayunga.

Nsabi alilegeza uzi wa upinde. "Nyumbani kuna mifupa ya mbuzi," alisema. "Nitamtuma mwanangu ailete. Hapana, nitaileta mwenyewe."

Tangu siku hiyo Ndago alikula. Msidhani alisahau. Kila jioni alikwenda mpaka pale njia ya msituni inapoanza, akakaa, akatazama, kisha akarudi kulala jikoni kwa Kalunde. Mchana alimfuata shambani, akafukuza ngedere kwenye karanga. Alikuwa bado anangoja, lakini sasa alijua anamngoja mtu aliyeko wapi, na mwenye kujua hilo hupata nafasi ya kula, ya kulala, hata ya kucheza.

Aliyekosa usingizi sasa alikuwa Kalunde. Kila alipousikia upepo mkali aliwaza matawi. Kila mgeni aliyetokea upande wa msituni alimwangalia uso kabla ya kumwitikia salamu. Hakumwambia mtu hofu yake. Jioni moja aliona kwamba naye ameanza kumfuata Ndago mpaka mwanzo wa njia. Waliketi pamoja, mwanamke na mbwa, wakitazama upande mmoja.

Ndiyo jioni hiyo ambayo mbwa alisimama kabla Kalunde hajaona kitu. Alinusa hewa. Akaondoka kama jiwe la kombeo. Walipotokeza warina kwenye miti, na mizigo yao, ndevu zao na macho yao yaliyovimba kama ya kila mwaka, mmoja wao alikuwa ameshaangushwa chini na anarambwa uso, akicheka kwa sauti ambayo watu wa Ntumbila hawakuwa wameisikia tangu masika. Hakuna aliyekuwa ameanguka mwaka ule ila Luhende, naye aliangushwa na mbwa wake.

Kalunde alimngoja ale, aoge. Kisha alimwambia, akiwa amesimama mbele yake kama alivyoagizwa.

"Kaka, niliufungua mlango wako."

Alimweleza yote. Luhende alimsikiliza mkono wake ukiwa juu ya shingo ya mbwa, vidole vinahesabu mifupa ambayo ilikuwa bado haijafunikwa vizuri na nyama.

"Nilimpa mfupa asinione," alisema mwishoni. "Nilidhani akiniona naondoka ndipo ataumia. Mwashi naye tulimbeba kwenda hospitali huyu akiwa amefungwa bandani, na hakumwona tena. Nikasema safari hii asione. Sasa sijui, dada, kama nilikuwa namhurumia yeye au nilikuwa nayakimbia macho yake."

"Yote mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja," alisema Kalunde. Hakumhukumu zaidi ya hapo.

Mwaka uliofuata, maua ya miombo yalipopukutika, warina walijifukiza moshi kama kawaida. Lakini asubuhi ya kuondoka Luhende hakurusha mfupa. Alitoka kwa mlango wa mbele, kamba begani, dada yake amesimama karibu, Mzee Mayunga yuko kwenye lile jiwe la kunolea. Ndago alikuja. Luhende alichuchumaa, akamwekea kamba puani, akamwachia mkoba aunuse nje na ndani. Kisha akasita, maana hakuwahi kumuaga mbwa.

"Nimwambie nini?" alimwuliza dada yake kwa sauti ndogo.

"Mwambie unakwenda."

"Naenda msituni, Ndago," alisema Luhende. "Nitarudi."

Mlango aliuacha wazi. Mbwa alimsindikiza mpaka mwisho wa shamba la karanga, akilia njia nzima, na pale Luhende alipomwashiria kwa mkono, alikaa. Aliutazama mgongo wa mtu wake mpaka miti ikaufunika. Alilia tena, hakuna aliyemzuia. Kisha akageuka, akarudi mdogomdogo, akaupita ule mlango wazi bila kuingia, akaenda kujilaza jikoni kwa Kalunde, karibu na chungu kilichokuwa kinachemka.

Vijana wa warina waliokuwa nyuma walimgeukia Mzee Mayunga. Walitaka kujua kama desturi imevunjwa, na kama wao pia waage. Mzee aliwaangalia mmoja mmoja. Alijua kwamba ndani ya nyumba zao wapo wake na watoto na mama wazee ambao kila mwaka huamka na kukuta mahali patupu pa kulala, na wengine hukaa siku nyingi wakiusikiliza mlango.

"Nyuki tumewaficha miaka yote, na bado wanatuuma," alisema. "Aliyekuwa hajui kitu ni mbwa huyu. Nendeni mkaage kwenu, kisha mwende. Mbwa asiyeagwa hulinda nyumba tupu."